Pakiti ya Kijani Juu ya Seva Iliyokufa

Saa sita mchana wa Alhamisi, Mkaguzi Weng Hsiu-ling alikuwa amebakiza saa nne tu za kuamua kama Shih Yung-fa alistahili kuitwa muuaji. Sheria iliwapa polisi saa kumi na sita tangu kumtia mtu pingu. Saa kumi alasiri gari lingemtoa Shih mahabusu na kumpeleka kwa mwendesha mashtaka, na faili alilolikumbatia Weng lilitosha kumzamisha mzima mzima. Hilo ndilo lililomkera. Katika miaka ishirini na miwili ya kazi mjini Chiayi hakuwahi kupewa faili lililonyooka namna ile akakuta ni la kweli.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumatano, saa nane na dakika kumi mchana, kompyuta mia nane na sabini za Hospitali ya Yun-pei zilijizima kwa pamoja, zikajiwasha, zikafuta kila kilichokuwamo, kisha zikaanza kujiwekea mfumo mpya kana kwamba ndiyo kwanza zimetoka dukani. Hakuna mkono uliozigusa. Katika wodi ya wagonjwa mahututi wauguzi walibaki na skrini tupu na kumbukumbu za vichwa vyao, na katika kukumbuka huko mzee mmoja wa miaka sabini na mmoja akapewa dawa ya moyo mara mbili. Jua halikutua akiwa hai. Amri iliyofuta kompyuta ilikuwa na jina la Shih Yung-fa, fundi ambaye wenzake humwita A-Fa, na ni yeye peke yake aliyekuwa katika chumba cha seva dakika ile.

Alikuwa peke yake kwa sababu ilikuwa siku ya tambiko la mwezi wa saba wa kalenda ya zamani, mwezi wa wafu. Kitengo kizima kilishuka uani na ubani na meza za vyakula, kuwalisha ndugu wema, wale wafu wasio na wa kuwakumbuka. A-Fa hachomi ubani. Baba yake ni mzee wa kanisa.

"Tazama picha hii, afande," alisema Tuan Chih-heng, mkuu wa kitengo cha kompyuta, akiisogeza simu yake mezani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. "Sote tumo. Huyu mimi, mbele kabisa. Saa nane na dakika kumi na moja."

"Nani kapiga?"

"Mlinzi wa geti. Kila mwaka tunapiga."

"Na kila mwaka A-Fa hayumo."

"Kila mwaka." Tuan alishusha pumzi. "Mimi naheshimu dini ya mtu. Na nikwambie ukweli, jana nilifikiri ni wahuni wa mtandaoni kutoka nje ya nchi. Nilimwambia hata mkurugenzi. Lakini jina hilo hapo limeandikwa, nami siwezi kulifuta. Mfumo wenyewe kautengeneza yeye."

"Nieleze tena, taratibu. Mimi mtu wa karatasi."

"Zamani, afande, tulikuwa tunazunguka na diski. Kompyuta moja moja, ghorofa kwa ghorofa, miezi mitatu inakatika. Akaja A-Fa, akaandika utaratibu wake: unatoa amri moja tu, unaipangia saa, mashine zote zinajifuta na kujisakinisha zenyewe. Tulimpigia makofi siku ile." Akatabasamu kwa huzuni. "Kumbe tunampigia makofi mchimba kaburi."

"Unaipangia saa," Weng alirudia, akaandika. "Na bodi? Nasikia mwezi ujao ilikuwa ikabidhi kitengo chenu kwa kampuni ya nje."

"Wameahirisha. Kwa hali hii nani atatufukuza? Wanatuhitaji." Akammiminia mgeni wake chai, na hata tone halikumwagika.

Alimsindikiza kupitia chumba cha seva. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Karibu kila mashine ilikaliwa juu na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, haijafunguliwa, uso mbele, ili mashine zitulie na zisilete ukaidi. Weng hakushangaa, kwani kituoni kwake hata printa ilikuwa na yake. Kijani tu, rangi ya taa ya mashine nzima, kamwe si njano, na ole wake atakayeiacha ipitwe na tarehe. Tuan alikuwa katikati ya sentensi kuhusu umeme wa dharura alipoona pakiti moja imekaa upande. Alinyamaza, akainyoosha kwa vidole viwili, kisha akaendelea na umeme wake pale pale alipoishia.

Katika safu ya mwisho mashine hazikuwa na pakiti.

"Hizi je?"

"Hizo anazitunza A-Fa," Tuan alisema. "Anazilaza njaa."

Ghorofa ya tano, Weng alimkuta fundi Ou Pei-chen amepiga magoti chini ya meza ya mapokezi, tochi mdomoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, macho mekundu kwa kutolala. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka wodini kurudishia kompyuta mfumo wake, baada ya ule wa jana kuziacha zikiwaka bila hata programu moja ya hospitali.

"Dada Pei-chen, nina maswali mawili matatu."

"Kama ni ya kumchongea A-Fa, muulize huyu mdudu," alisema akiielekeza tochi kwenye waya. "Mimi sina."

"Unamtetea."

"Simtetei, namjua. Jamaa akikanyaga mende anaomba msamaha. Miaka sita nakaa naye meza moja, namtania kuwa seva zake zitakufa kwa kukosa bisi, ananiambia atazisomea zaburi. Halafu nyinyi mnasema kaua mzee wa watu. Mna akili kweli?"

Weng alivuta kiti akakaa. Hakuwa mjuzi wa kompyuta, lakini saa alijua kuisoma. Alitazama kompyuta moja ikianza na kumaliza, akatazama ya pili, kisha akaichukua karatasi ya taratibu iliyobandikwa kwenye kigari cha vifaa vya Pei-chen.

"Hapa mmeandika dakika ishirini na tano kwa kila mashine."

"Ndiyo. Kaandika A-Fa. Alipima mwenyewe mara kumi, yule mtu na saa yake!"

"Mbona hizi zimetumia kumi na moja?"

Pei-chen alizima tochi. Akatoka chini ya meza. "Leo zinakimbia," alisema. "Nimeshukuru tu. Nina mia nane za kutengeneza, nani atauliza?"

"Mimi."

"Subiri." Alisugua macho. "Sikiliza, afande. Kompyuta isiyo na mfumo ukiiwasha inapiga kelele mtandaoni: nani ana mfumo anipe? Ni kifaranga. Anayemjibu kwanza ndiye mama. Sisi mama yetu ni seva namba ishirini, kule juu. Inatuma mfumo na vikorombwezo vyake vyote, ndiyo maana inachukua dakika ishirini na tano."

"Na kama mwingine akimjibu mapema?"

"Hakuna mwingine."

"Kama."

Pei-chen hakubisha tena. Aliizima ya tatu, akaiwasha, na maandishi meupe yalipoanza kupanda aliyasimamisha kwa kidole. Weng aliona rangi ikimtoka usoni.

"Aliyejibu ni namba tisa," alisema polepole. "Tisa ilikufa. Tuliizima miaka miwili iliyopita. Iko stoo, ghorofa ya pili chini ya ardhi. Mkuu mwenyewe alisaini karatasi ya kuifuta."

"Tangu asubuhi umeshatengeneza ngapi?"

"Mia nne na kitu, sisi wote. Mahututi tumeanza nao wao." Akaizima ile ya tatu. "Zote zimenyonya huko."

Lifti ya mizigo iliwashusha bila haraka. Weng hupenda kusema kwamba haogopi kitu kisicho na mikono, lakini siku ile aliogopa, tena waziwazi. Juu yao palikuwa na vitanda mia sita. Mzee mmoja alikuwa ameshakufa, na kitu kilichomuua kilikuwa kikizunguka wodini tangu alfajiri kwa jina la matengenezo.

Ufunguo wa stoo Pei-chen aliuchukua kwa mlinzi, akasaini daftari. Weng alilipekua daftari lile. Kwa miezi minane hapakuwa na jina la mtu aliyeuazima.

"Kuna ufunguo mwingine?"

"Wa Mkuu Tuan," mlinzi alijibu. "Yule hasaini. Nani atamsainisha Mkuu?"

Waliisikia kabla ya kuiona. Mlango ulipofunguka, feni moja ilikuwa ikivuma gizani. Weng alipapasa swichi. Kwenye rafu ndefu kulikuwa na seva kuukuu kumi na mbili, zote za aina moja, zote kijivu, vibandiko vyao vya namba vimebanduliwa. Kumi na moja zilikuwa zimekufa na vumbi juu yake. Ya tano kutoka kushoto iliwaka taa ndogo, na nyuma yake kebo ya bluu ilipanda ukutani ikapotelea kwenye dari.

Juu yake ilikaa pakiti ya kijani. Mpya. Uso mbele.

"Usiguse," Weng alisema, akivaa glavu. Alipiga picha tatu, akaigeuza pakiti kwa ncha za vidole, akasoma tarehe iliyo nyuma. "Hii inaisha Mei mwakani. Imenunuliwa juzijuzi."

"Ehe."

"Dada, mashine ikistaafu, mnaiachia pakiti yake?"

"Nani amlishe maiti? Tunaiondoa siku ile ile."

"Basi aliyeiweka hii anajua mashine iko hai, na anakuja kuiangalia mara kwa mara, tarehe isimpite. Na anaamini. Hata katika kuua, hakuthubutu kuiacha bila pakiti." Weng aliitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa na sahihi. "A-Fa angeweka?"

Pei-chen alicheka, na kicheko kikamgeukia machozi, akayafuta kwa mkono wa koti. "A-Fa? Mwaka juzi nilimfichia moja nyuma ya seva yake kwa utani. Hakunisemesha siku mbili. Afande, mpigie simu mtu wa gari! Si umeona mwenyewe?"

"Pakiti ya bisi siwezi kuipeleka kwa mwendesha mashtaka. Atanicheka, na A-Fa atapanda gari vilevile. Nionyeshe kilichomo ndani."

Pei-chen alitoa skrini ndogo kwenye begi lake la zana, akaichomeka. Alifungua orodha ya amri. Ya kwanza ilikuwa ya jana, saa nane na dakika kumi, jina Shih Yung-fa, na mbele yake palionyesha siku iliyoandikwa: Jumatatu usiku.

"Jumatatu usiku A-Fa alikuwa wapi?"

"Kwa mashine hii haijalishi alikuwa wapi. Ukiisimamia hapa unaandika jina lolote unalotaka. Ungeandika hata la mkurugenzi." Kidole chake kilishuka mstari mmoja, kikaganda.

Amri ya pili ilikuwa bado haijatekelezwa. Ilipangiwa leo, saa nane u nusu. Ifute kompyuta zote, isibakize, na safari hii isiweke mfumo wowote. Nayo iliandikwa Jumatatu usiku, dakika nne baada ya ile ya kwanza. Jina lililokaa pembeni lilikuwa Ou Pei-chen.

Pei-chen alijisomea jina lake mara mbili. Feni ilivuma.

"Mimi?" Pei-chen alisema. "Mbona mimi?"

"Saa nane u nusu ulikuwa uwe wapi?"

"Chumba cha seva. Peke yangu. Wengine wote wanakwenda kikao cha bodi ghorofa ya tisa, mimi nibaki zamu."

"Nani kapanga?"

"Mkuu."

"Amekuambia lini?"

"Leo asubuhi, kwenye foleni ya wali wa bata mzinga." Alimwangalia Weng. Akaiangalia tena ile Jumatatu kwenye skrini. Hakuhitaji kuambiwa. Jumatatu, kabla ya tambiko, kabla ya mzee kufa, mtu alikuwa ameshajua nani atabaki peke yake Jumatano na nani Alhamisi. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Weng alitazama saa yake. Saa nane kasoro dakika nane.

"Tukiizima, za juu zitakuwaje?"

"Kila baada ya dakika chache zinaiuliza: tayari? Isipojibu, zinanyamaza. Hazifanyi kitu."

"Hakika?"

"Naapa kwa..." Simu ya Pei-chen ililia kabla hajataja anachoapia. Aliigeuza wasome jina wote wawili. Mkuu Tuan.

"Pokea," Weng alinong'ona. "Weka sauti nje. Mwambie unatafuta kebo."

"Pei-chen, uko wapi, binti yangu?" Sauti ilikuwa ile ile ya upole. "Wenzako wanajiandaa kupanda. Chumba hakipaswi kubaki bila mtu."

"Naja, Mkuu. Natafuta kebo ndefu, za juu zimeniishia."

"Unatafuta wapi?"

"Huku huku tu."

Upande wa pili ukawa kimya. Weng alihesabu pumzi nne.

"Nasikia feni," Tuan alisema.

Pei-chen alifumba macho.

"Usiguse kitu hapo," ilisema sauti, bado ya upole. "Nakuja kukusaidia." Simu ikakatika.

"Afande, anakuja! Tutoke!"

"Hatutoki. Piga picha skrini hiyo, zote mbili, na saa ionekane. Haraka. Umemaliza? Izime."

Pei-chen alibonyeza. Taa ikafa, feni ikapunguza mvumo ikanyamaza, na stoo ikawa na seva kumi na mbili zisizo na tofauti yoyote. Weng aling'oa kebo ya bluu, akaiviringa na kuisukuma nyuma ya makasha. Kwa kitambaa akaokota vumbi la jirani na kulipuliza juu ya ile ya tano. Kisha akasimama akiwaza, na macho yake yakatua kwenye begi la zana.

"Unayo pakiti ya akiba humo?"

"Kila siku ninayo. Kwani unataka kula saa hizi?"

"Nipe."

Aliitupa sakafuni, hatua mbili kutoka mlangoni, kifudifudi. Pei-chen aliguna kana kwamba amekanyagwa. "Mwezi wa saba huu, afande! Utatuletea balaa!"

"Limeshakuja," Weng alisema. "Ukae pale kwenye makasha. Usiseme neno hata akikutukana."

Lifti ya mizigo ilianza kushuka. Waliisikia ikisimama, milango ikijivuta, viatu vya ngozi vikija bila haraka. Weng aliweka simu yake kwenye rafu, kamera ikitazama seva, akaegemea ukuta mikono nyuma.

Tuan alisimama mlangoni. Alimwona Pei-chen kwanza, halafu polisi, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Weng alikiri moyoni kwamba alimwogopa kwa hilo.

"Afande. Hata na wewe huku?"

"Natembea tu, Mkuu. Stoo yenu kubwa."

"Kubwa na chafu. Samahani." Alitazama rafu kutoka mwanzo hadi mwisho, seva zote kumi na mbili, giza tupu. Kitu fulani kilimpita machoni. "Mimi mwenyewe tangu tulipoifunga sijakanyaga humu. Miaka miwili. Hata sijui kilichomo."

"Mashine zilizokufa, naambiwa."

"Zilizokufa," alikubali. "Pei-chen, panda juu, binti yangu. Saa inakwenda. Mtu lazima awe..." Hapo ndipo alipoiona pakiti sakafuni. Alinyamaza katikati ya sentensi. Uso uliokuwa haubadiliki ulikunjamana kwa uchungu wa kweli, kama wa mtu aliyekuta picha ya mama yake jalalani.

"Nani kaitupa chini?" alisema kwa sauti ndogo. "Mwezi wa saba, jamani. Nani?"

Aliinama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa kiganja, mbele na nyuma. Akaenda kwenye rafu. Aliipita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Juu ya ile ya tano aliiweka, uso mbele, akainyoosha kwa vidole viwili.

Weng alimwacha amalize. Kisha akachukua simu yake rafuni, akahakikisha imerekodi, akapiga kituoni.

"Pan, ni mimi. Shih Yung-fa asipandishwe gari. Ndiyo. Mpe chakula, mwambie Pei-chen anamsalimu. Na niletee watu wawili, Yun-pei, ghorofa ya pili chini." Akakata. "Mkuu Tuan, ziko kumi na mbili hapo. Namba hazina, taa hazina. Umejuaje kuwa ni hiyo?"

Tuan hakugeuka. Vidole vyake viwili vilikuwa bado juu ya pakiti, na katika kimya kile alionekana anasikiliza feni.

"Mmeizima," alisema.